Muvi ya hoki ya barafu iliyomtia mama yangu lokapu, hapa hapa Stockholm

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mliokubuhu humu ndani na mlioingia jana, wote nawasalimu.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza watoto waliozaliwa Ulaya wanafundishwaje Kiswahili. Wengine wakamjibu vitabu, wengine wakamjibu fimbo, mmoja akamwambia arudi nyumbani tu. Nilikuwa nasoma kwenye treni, nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja wa Kiswidi akahama siti.

Kwangu mimi dawa ilikuwa muvi ya kuchekesha ya hoki ya barafu.

Najua mtasema huyu kashaanza. Subirini. Nasimulia kilichotokea nyumbani kwangu, na palipouma sitapapaka rangi.

Twende taratibu.

Mimi ni mtu wa Mwanza, fundi umeme. Nilikuja Sweden kwa mafunzo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mafunzo yakaisha, mimi nikabaki. Naishi Akalla, kule treni ya chini kwa chini inapogota. Uzuri wa Akalla ni kwamba hata ukisinzia hupitilizi, kwa sababu mbele hakuna reli.

Kabla ya kuja huku, enzi za ujana, nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Waliokulia uswahilini wananielewa. Mnabanana kwenye mabenchi, TV ndogo iko mbele juu ya meza, na pembeni kuna mtu ana maiki anawaeleza kwa Kiswahili kinachoendelea. Mtu huyo alikuwa mimi.

Na utafsiri wenyewe mnaujua. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, Kichina ndiyo kabisa. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba steringi hafi. Yaliyobaki natunga. Mchina anaongea dakika nzima, mimi nasema "anamwambia nitakupiga." Akisema neno moja, mimi naeleza ukoo wake wote. Adui nampa jina la Masalu, polisi namwita Afande Mabula, watu wanafurahi, siku inaisha.

Nilipofika huku ustadi huo nikaukunja nikauweka. Nani ana shida na mtafsiri wa banda Stockholm?

Nikaoa. Mke wangu Goreth ni Mrundi. Tulikutana kanisani Jakobsberg, yeye yuko kwenye mazoezi ya kwaya, mimi nimeitwa kutengeneza spika. Kiswahili chake cha Bujumbura, changu cha Mwanza, na tunaelewana vizuri isipokuwa tukigombana. Hapo kila mtu anarudi kwao.

Tukapata binti. Nikampa jina la mama yangu, Kabula.

Sasa kwa wasiojua, kwetu Usukumani bibi na mjukuu ni watani. Na kama mjukuu amepewa jina la bibi ndiyo balaa zaidi. Ni somo wake, na ni mke mwenza pia, kwa sababu wote wawili mume wao ni babu. Bibi anakuchokoza, wewe unamrudishia. Usiporudisha, anaona humtaki. Yale maneno ya kuchokozana ndiyo salamu zenyewe, ndiyo mapenzi yenyewe.

Shida ikawa moja tu. Kabula haongei Kiswahili.

Kusikia anasikia. Ukinong'ona chumbani kwamba kuna aiskrimu kwenye friza, anasikia. Lakini ukimsemesha, anakujibu Kiswidi. "Kabula, umekula?" "Ja." "Umekula nini?" "Vet inte." Yaani hajui. Kala, na hajui kala nini.

Nilijaribu kumfokea, akawa ananijibu Kiswidi kwa heshima. Goreth akajaribu kumnunia, mtoto akaonekana anafurahia utulivu.

Mbele ya wenzake ndiyo usiseme. Alikuwa darasa la tatu, anacheza hoki kwenye timu ya wasichana, golikipa. Nikimpeleka kwenye ukumbi wa barafu ananivuta mkono kabla hatujaingia, ananiomba nisimwite kwa Kiswahili mle ndani. Aliona aibu. Siwafichi, hilo liliniuma sana. Nilikuwa nasimama na wazazi wengine, kahawa mkononi, kama bubu.

Jumapili tukipiga simu Mwanza, mama anaanza mambo yake. "Mke mwenzangu, huyu mzee leo kaniambia wewe unapika vizuri kuliko mimi. Umempa nini?"

Kabula anatoa macho. Ananirudishia simu.

Mwanzoni mama alikuwa anacheka. Baadaye akawa anauliza kama mtoto anaumwa. Halafu siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu mtoto mmemfundisha kunidharau?"

Nikamwambia hapana mama, ana aibu tu. Akasema sawa. Ile "sawa" ya mama zetu mnaijua.

Na safari yake ya kuja kututembelea ilikuwa imeshapangwa, angefika baada ya Krismasi. Ikawa kila nikimtazama binti yangu naiona ndege inakuja, na yeye bado yuko kwenye "ja" na "nej".

Basi bwana. Kocha wao, mama mmoja mcheshi anaitwa Lena, akamwazima Kabula DVD. Imekwaruzika, kava limepauka. Akaniambia hii kila mtu wa hoki lazima aione. Ni muvi ya Kimarekani ya zamani, ya kuchekesha, na chini kuna maandishi ya Kiswidi.

Nikauliza kazini. Wote wanaijua. Bosi wetu, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake tangu niajiriwe, nilipoitaja tu akasimama katikati ya kantini akaanza kuigiza golikipa wa mle ndani. Nikasema hii lazima niione.

Jumamosi mchana Goreth yuko kazini, yeye ni muuguzi msaidizi kwenye hospitali kubwa kule Flemingsberg. Mimi na Kabula tuko kwenye kochi. Muvi inaanza.

Kuna mji mdogo wenye kiwanda cha makopo, na mji huo una timu ya hoki mbovu haijapata kutokea. Nahodha ni mzee, goti limekufa. Kuna beki mnene ambaye akishaanza kuteleza hajui kusimama, mpaka agonge ukuta. Na golikipa ni mtu wa posta anayeogopa kile kisahani cheusi wanachokigombania. Kikija, anakikwepa. Kazini amezoea kuwakwepa mbwa wa watu, basi na golini anakwepa.

Mimi hoki siijui. Watu wanaingia na kutoka uwanjani bila mpangilio, kisahani chenyewe hukioni, unajua limefungwa bao kwa sababu watu wamesimama. Pembeni kuna kizimba cha vioo. Mchezaji akifanya kosa anafungiwa humo dakika mbili, zikiisha anatoka anarudi kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikatazama weee, mdomo ukaanza kuniwasha. Miaka mingi sijashika maiki. Nikachukua rimoti, nikaisogeza mdomoni.

"Mabibi na mabwana, huyu mnayemwona golini anaitwa Masalu. Ni mwizi. Hilo dude kalivaa usoni ili polisi wasimtambue."

"Sluta, pappa," Kabula akasema. Ananiambia niache.

Siku hiyo niache mimi? Mchezaji akafungiwa kizimbani, nikaeleza kwamba katiwa lokapu kwa kutukana wakwe. Beki mnene akagonga ukuta, nikasema anatafuta mlango. Halafu akaonyeshwa golikipa yuko mtaani na begi lake la barua, anaruka uzio, mbwa yuko nyuma.

"Haya sasa, mwizi kaiba begi la watu, mbwa kamwona!"

Mtoto akasimama juu ya kochi.

"Siyo mwizi! Anapeleka barua! Baba, wewe mwongo!"

Wakuu, rimoti bado iko mdomoni. Kiswahili mfululizo, kutoka kwa mtoto ambaye kwa Kiswahili hakuwa ananiomba hata chumvi. Na yeye mwenyewe wala hajagundua. Kakasirika, macho yako kwenye TV, anamtetea mtu wa posta.

Akili ikanijia haraka. Nikamwambia, "Nani kasema siyo mwizi? Mtafsiri hapa ni mimi."

Akaanza kunieleza kwa Kiswidi. Nikamwambia bandani kwangu mtafsiri haelewi Kiswidi, mwenye malalamiko alete kwa Kiswahili.

Akafikiri kidogo. Akayaleta. Kiswahili kimevunjika, kinachechemea, lakini akayaleta.

Tangu hapo kila Jumamosi tukawa tunafungua banda. Yeye anavuta mapazia, mimi nashika rimoti namwaga uongo. Kadiri ninavyodanganya ndivyo anavyonisahihisha. Nasema hawa wanagombania shamba, anasema wanagombania kombe. Nasema refa ni shemeji yake nahodha, anasema refa hamjui mtu hapa. Siku moja nikasema yule bibi mwenye kofia jukwaani ndiye mwenye kiwanda. Kumbe ilikuwa kweli. Akanipigia makofi.

Ngoja nitoke nje ya mada kidogo.

Nimejiuliza sana kwa nini Waswidi wazima, watu wasiosalimiana kwenye lifti, wanaipenda ile muvi vile. Nadhani ni kwa sababu mle ndani hakuna anayejiona. Wote wabovu na wote wanajua. Nahodha anamsema golikipa tumbo lake, golikipa anamsema nahodha goti lake, halafu mechi ikiisha wanavuana viatu kwa sababu hakuna anayeweza kuinama.

Na mwisho hata hawashindi. Wanafungwa, ila kwa mabao machache kuliko walivyozoea, na mji mzima unatoka barabarani kushangilia. Mara ya kwanza kuona pale nilicheka nikajikuta natafuta kitambaa.

Halafu kuanguka hakuna lugha. Mtu akianguka kwenye barafu, Msukuma anacheka, Mswidi anacheka. Mimi mwenyewe kila majira ya baridi nawachekesha watu bure pale nje ya kituo cha treni.

Turudi.

Goreth siku ya kwanza alifurahi. Siku ya pili akasikiliza vizuri.

"Baba Kabula, hicho Kiswahili gani unamupa mtoto?"

Kweli, mtoto alikuwa hawezi kusema "naomba maji," lakini alikuwa anaweza kusema "kaa pembeni wewe, steringi anapita." Anajua lokapu. Anajua faulo, adui, mzushi, mwizi mkubwa. Goreth alilelewa na shangazi mkali, kwake mbele ya mkubwa unapokea kwa mikono miwili na macho yako chini. Akawa anashika kichwa. Akaniambia bibi akija atasalimiwa kihuni.

Nikamwambia atulie, kwanza mtoto aongee, adabu tutaiongezea baadaye.

Mama akafika.

Pale uwanja wa ndege wa Arlanda katoka amejifunga kitenge juu ya sweta mbili. Alipomwona mjukuu akafungua mikono. "Ndiye huyu aliyeninyang'anya mume?"

Kabula akaingia nyuma ya koti langu. Goreth akamnong'oneza asalimie. "Shikamoo," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo.

Nikamwambia mama ni uchovu. Kesho yake nikasema ni mambo ya shule. Kila siku nikawa na sababu mpya. Mama anachokoza, mtoto anainamisha kichwa. Kumbe kubishana na baba mwongo kwenye kochi ni jambo moja, kuongea na bibi ambaye Kiswahili ni chake ni jambo jingine. Aliogopa kuchekwa. Hilo alinieleza baadaye sana.

Banda nalo likafa. Jumamosi nilipowasha muvi, Kabula alinitazama, akamtazama bibi yake, akaenda zake chumbani.

Halafu mama akaacha kuchokoza.

Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa. Mama yangu ni mtu wa kumtania hata padri. Sasa anakaa dirishani anatazama theluji, na mjukuu akipita anamwita "Kabula" kwa upole, kama anavyomwita mtoto wa jirani. Kwetu mtani wako akianza kukuheshimu ujue umeshakuwa mtu baki. Nilikuwa naenda kazini moyo mzito, narudi moyo mzito, na hakuna wa kumlaumu.

Jumapili moja tumetoka kanisani, Goreth kapika wali na kuku. Tumekaa mezani kila mtu na sahani yake. Kabula ana tabia ya kuliweka paja la kuku pembeni, analila mwisho.

Nikaona mkono wa mama unanyanyuka taratibu. Akalichukua lile paja, akaling'ata.

"Mke mdogo hali nyama mke mkubwa akiwa mezani," akasema.

Lakini hakucheka. Aliisema kama mtu anayebisha hodi mara ya mwisho kabla hajaondoka zake.

Kabula akaweka uma chini. Akaangalia sahani yake. Akamwangalia bibi.

"Bibi," akasema. "Hiyo faulo."

Akanyoosha kidole kwenye kiti cha mlangoni, pale tunapovulia viatu.

"Lokapu dakika mbili. Nenda, mwizi mkubwa wewe."

Goreth akapaliwa na wali. Mimi nilitamani sakafu ipasuke nitokee kwa jirani wa chini. Mwanangu kamwita mama yangu mwizi, kwa Kiswahili kilichonyooka, na mwalimu wake ni mimi.

Mama akasimama, paja mkononi, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Goreth hakuniambia "nilikwambia," lakini ilikuwa inasomeka usoni mwake kwa herufi kubwa. Kabula midomo ikaanza kutetemeka. Nikasogeza kiti nikamwombe mama radhi.

Mlango ukafunguliwa.

Mama katoka amevaa lile koti kubwa tulilomnunulia, kofia, skafu, na glavu moja, kwa sababu mkono wa pili bado umeshika paja.

"Lokapu za Ulaya lazima zina baridi," akasema. Akapita mbele yetu, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha mlangoni, mgongo umenyooka.

Akatafuna kidogo. "Afande," akamwita mjukuu wake, "kuna dhamana?"

Kabula akanigeukia mimi. Halafu akabadili mawazo, akamgeukia bibi mwenyewe. "Dhamana ni nini?"

"Dhamana ni hiyo shingo ya kuku iliyo kwenye sahani ya mama yako. Ilete hapa nitoke."

Mtoto akainuka. Akaichukua shingo kwa mama yake bila hata kuomba, akatembea nayo hadi katikati ya sebule, akasimama.

"Kwanza sema samahani."

"Samahani ya nini, na mume wangu unaye wewe?"

"Babu amesema wewe unakoroma."

Wakaanza. Wakuu, wakaanza, na hawakumaliza mpaka jua likazama. Najua jua la Stockholm majira yale linazama saa tisa alasiri, lakini mnaelewa ninachosema. Mtoto Kiswahili kikimwishia anakanyaga mguu chini, anatafuta neno, analipata, anaendelea. Goreth alijifanya kakasirika akaenda kuosha vyombo. Nilimwona kwa nyuma mabega yanatikisika.

Jumamosi iliyofuata banda likafunguliwa upya. Mimi kwa mazoea nikachukua rimoti. Kabula akanyoosha mkono, nikampa. Bibi akakalishwa katikati ya kochi, mimi nikapelekwa kwenye zulia.

Akatafsiri muvi nzima yeye. Maneno mengine kayapinda, mengine kayaunda hapo hapo. Na golikipa hakuwa Masalu tena. Alimpa jina la Babu.

Mama alipomwona "Babu" anakimbizwa na mbwa, begi linamrukaruka mgongoni, alilala kwenye kochi akacheka hadi kilemba kikamtoka. "Ndiye, ndiye kabisa. Hivyo hivyo ndivyo alivyokimbia siku ya kwanza kuja kwa baba yangu."

Hilo hata mimi nilikuwa silijui.

Kuna mahali wachezaji wako kwenye basi wametoka kufungwa, wanasemana maneno makali kila mtu na kasoro yake. Mimi pale siku zote nilikuwa natafsiri kwamba wanagombana. Mama akatazama kidogo, akasema, "Hawa ni watani hawa." Basi. Akaendelea kula karanga zake.

Muvi ilipoisha nikamkuta jikoni anachemsha chai. Akaongea bila kunitazama.

"Mwanangu, nilikuwa nimeshajisemea. Nitamwona sura, nitamshika mkono, nitarudi nikawaambie wenzangu kwamba nimemwona. Imetosha." Akakoroga chai ambayo wala haikuwa na sukari. "Nilikuwa namwomba Mungu anisaidie nisimchukie."

Nikamshikia chujio akamimina.

Kabla mama hajaondoka kulikuwa na mechi, na Kabula mwenyewe akasema bibi aje. Mimi roho juu. Mle ukumbini Kiswahili ni marufuku, nimeshawaambia. Njiani nikamweleza mama taratibu kwamba mtoto huona aibu mbele ya wenzake, tukae kimya kama Waswidi. Mama akasema sawa.

Na kweli kwa muda alitulia. Wazazi wengine wana chupa zao za chai, wanapiga makofi na glavu zao, pwaf, pwaf. Mama kaweka mikono mapajani, mpole kabisa. Halafu Kabula akafungwa bao. Kisahani kimepita katikati ya miguu yake.

Mama akasimama.

"Mke mwenza! Hiyo miguu umeipanua hivyo unangoja treni ipite?"

Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja wa Kiswidi pembeni yangu akaniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia anamtia moyo.

Mimi nilikuwa namwangalia mtoto. Kasimama golini peke yake, wenzake wote wanamtazama, kisha wanatazama jukwaani kujua huyu bibi ni wa nani. Nikasema basi, ameshaingia ndani ya yale mavazi, hatoki tena. Kila tulichokijenga kwenye kochi kinaishia hapa.

Kabula akainua kinga ya uso. Akamtafuta bibi yake jukwaani mpaka akampata.

"Njoo ukae wewe, bibi kizee! Tukuone!"

Kwa Kiswahili. Kwa sauti ile ile ya banda. Mbele ya timu nzima.

Akashusha kinga, akagonga mlingoti mmoja kwa fimbo yake, akagonga wa pili, akainama kusubiri mchezo uanze. Wenzake wakaendelea na mchezo wao. Hakuna aliyemcheka. Kocha Lena peke yake ndiye aliyenigeukia akaninyooshea dole gumba.

Mama akakaa, akajifunika uso na skafu, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Kumbe anacheka.

Aliyekuwa analia ni mimi. Yule mama wa Kiswidi akanipa kitambaa cha karatasi, hakuuliza chochote, na kwa hilo nawapenda Waswidi.

Mechi walifungwa, tena vibaya.

Nilichojifunza wakuu ni hiki. Sisi wazazi wa huku tunawapa watoto Kiswahili cha kuulizwa umekula, umeoga, umemwamkia mgeni. Mtoto gani atakitaka hicho? Mtoto anataka lugha ya kubishania, ya kumwambia baba yake mwongo, ya kumrudishia bibi yake maneno. Adabu ilikuja baadaye, na aliyemfundisha ni bibi mwenyewe, katikati ya matani yao.

Sisemi mkawalee watoto kwa muvi. Nasema mtafuteni mtoto pale anapokasirika na kucheka, huko ndiko ulimi wake uliko.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Mlio nje na watoto wenu, ninyi mlipitia wapi? Wale wa fimbo na ninyi semeni, sitawajibu vibaya. Na kama kuna aliyewahi kuiona muvi ya namna hiyo akaielewa sheria hata moja ya hoki, anifafanulie, mimi mpaka leo natunga.

Kabula sasa ni binti mkubwa. Amesimama nyuma yangu hapa anasoma, na anasema kuna mahali nimeongopa. Nimemwambia ajiunge aandike mwenyewe hapo chini. Akiandika, mumpokee.